Kabureta haijafa, ila wengi tunaitetea kwa sababu zisizo zake

Kipepeo (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo. Kila baada ya wiki mbili tatu anaibuka mdau na swali lilelile: "Najenga injini ya mbio, nifunge kabureta au injekta?" Wakongwe wanajibu kwamba kabureta ndiyo yenye nguvu za kweli, vijana wanauliza tuko karne ya ngapi, matusi yanaanza, uzi unafungwa. Zote mbili kazi yake ni kuipa injini petroli: kabureta kwa mvuto wa hewa inayopita, injekta kwa nozeli zinazonyunyizia. Leo naomba tuongee kama watu wenye grisi kwenye kucha.

Mimi sina timu. Injini yangu ni ya silinda nne, lita 2.0, haina turbo. Nimeiendesha miaka sita na kabureta mbili za Weber 45 DCOE, kisha nikaihamishia kwenye injekta. Zote mbili zimewahi kuniacha njiani nasukuma gari.

Nianze na lile ambalo vijana hawalipendi. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho na mizunguko iko juu, injini haijui petroli imetoka kwenye mdomo gani. Inachodai ni uwiano tu. Ili iungue kikamilifu, kilo 1 ya petroli inataka kilo 14.7 za hewa, lakini nguvu za juu kabisa zinapatikana mchanganyiko ukiwa mzito kidogo (petroli zaidi kwa hewa ileile), kama 12.5 hadi 13. Kabureta iliyosetiwa na mtu anayejua inafika hapo. Injekta nayo inafika hapo. Kwenye dino (mashine ya kupimia nguvu za injini) mtabishania farasi wawili watatu hadi giza liingie.

Tena kuna wakati kabureta inashinda. Petroli inapogeuka mvuke inanyonya joto, na sehemu ya joto hilo inalichukua kwenye hewa inayoingia. Kilo moja inahitaji takribani kilojuli 350 ili iwe mvuke. Zigawe kwa kilo 12.5 za hewa, unapata kama nyuzi 28 za kupooza, endapo mafuta yote yangegeuka mvuke kabla ya kufika kwenye valvu na joto lote lingetoka kwenye hewa. Haitokei hivyo kikamilifu, lakini hata theluthi yake ni hewa nzito zaidi ndani ya silinda. Kabureta inamwaga mafuta mbali na valvu, kwa hiyo yana safari ndefu ya kugeuka mvuke. Injekta ya kawaida inanyunyizia mgongoni mwa valvu kabisa, muda ni mfupi. Ndiyo maana kwenye baadhi ya injini za mbio zenye mizunguko mingi utakuta nozeli zimetundikwa juu, nje ya tarumbeta za hewa. Wameirudisha kazi ya kabureta kwa mlango wa nyuma.

NASCAR, wale wa mbio za magari za Marekani, walikimbia na kabureta kwenye ligi yao kuu hadi msimu wa 2011, injekta zikaingia 2012. Magari ya Pro Stock ya NHRA (mbio za Marekani za kunyoosha moja kwa moja), injini za inchi za ujazo 500, yanavuka maili 200 kwa saa ndani ya robo maili, nayo yalibaki na kabureta mbili juu ya manifodi (mabomba ya kupeleka hewa kwenye silinda) hadi mwisho wa 2015. Kilichowahamisha ni kanuni mpya. Saa ya mwishoni mwa njia haikuwa na malalamiko.

Sasa upande wa pili. Yote hayo ni habari za mguu uliozama hadi chini. Gari gani linaishi hapo muda wote?

Kabureta haipimi uzito wa hewa. Hewa ikipita kwenye koo jembamba inaongeza kasi, shinikizo lake linashuka, na tofauti hiyo ndiyo inayovuta petroli kutoka chemba ya floti (kibakuli cha petroli chenye boya) kupitia jeti (kitundu kinachopima mafuta). Kwa kifaa kisicho na waya hata mmoja, hiyo ni akili kubwa sana. Lakini hewa ikipita taratibu, mvuto hautoshi na mafuta hayaji. Ikabidi iongezwe njia ya pekee ya sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyagwa), halafu vitundu vya mpito kando ya kipepeo (kibao kinachofungua hewa unapokanyaga), halafu pampu ya kurashia mafuta unapokanyaga ghafla, halafu choki ya asubuhi. Kila kimoja ni kiraka juu ya udhaifu wa kingine, na pale viraka vinapopakana ndipo injini inapokohoa.

Yangu ilikohoa kwenye mizunguko 3000, kila siku, mwaka mzima. Unakanyaga, inajikwaa, inameza mate, halafu inachomoka kama imechomwa sindano. Nilibadili jeti mpaka kiboksi kikaisha. Kumbe aliyeniuzia alikuwa ameweka koo za milimita 40. Kwa wasiojua: ile 45 ni kipenyo cha mdomo penye kipepeo. Ndani kuna koo linalochomolewa, na hilo ndilo linalotawala. Nikaweka za 34, jeti kuu 135 (chukua koo mara nne, hapo ndipo pa kuanzia), jeti ya hewa 185. Kikohozi kikafa siku ileile. Nilipoteza kidogo juu ya 7000, mahali ambapo nilikuwa nafika mara mbili kwa mwaka.

Wengi wanaoichukia kabureta wanachukia kabureta kubwa. Karibuni wenye uzoefu.

MzeeWaPlagi

Mwanangu, hilo la koo umenikosha. Vijana wananunua kabureta kama viatu vya mtoto, kubwa ili akue nayo.

Ila kuna faida moja umeiruka. Kabureta inakufa taratibu. Itakunyima sailensi, itanuka petroli, itatoa moshi mweusi, lakini itakufikisha. Injekta inakuwa nzima kabisa mpaka sekunde ile sensa ya kranki inapokata roho, basi, hamna gari. Mimi jeti zangu, bisibisi na gasketi za akiba vyote vinaenea kwenye kopo moja. Wewe bebana na kompyuta.

Sumaku

Shikamoo mzee. Nakubali nusu. Kazi yangu ni kufunga hizo kompyuta, na kinachoua mfumo mara nyingi ni mikono ya aliyefunga. Mtu anachukua ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi) ya sensa na ethi ya koili za moto, anazibana kwenye boliti moja yenye rangi. Koili ikipiga, volti inaruka, sensa inaripoti uongo, kompyuta inatii. Au anafunga waya za plagi zisizo na ukinzani kwa sababu "ni za mbio", kelele ya umeme inaingia kwenye sensa ya kranki, injini inamisi kwenye 5500 na lawama zinakwenda kwa injekta.

Gurudumu la meno 36 lililopunguzwa jino moja linaiambia kompyuta kranki iko wapi. Lile pengo likisomwa vibaya mara moja, moto na mafuta vyote vinapoteza mahali. Kwa hiyo nikifunga kazi, siku nzima inaishia kwenye waya, na ramani ya mafuta naigusa kesho yake.

Lakini mzee, hata kwenye kabureta unatumia jicho na pua. Mimi naona kwenye kioo kila silinda inakunywa nini.

MzeeWaPlagi

Marahaba. Kila silinda? Kwa kipimo kimoja cha lambda (kinachosoma uwiano wa hewa na mafuta kwenye moshi) kilichofungwa pale mabomba manne yanapokutana? Unaona wastani wa silinda nne, mwanangu. Moja inaweza kuwa inaungua kwa ukame (petroli kidogo mno) na mwenzake anazama, kioo kikakuonyesha 12.8 safi kabisa. Mimi nikizima injini nikiwa nimekanyaga, nikachomoa plagi zote nne nikazipanga kwenye kitambaa, naona nani ana njaa.

Sumaku

😂 Hapo umenikamata. Nafuta neno "kila".

Dada_Spana

Mnaongea kama barabara zote ni tambarare. Mimi nakimbia mbio za kupanda milima. Tunaanzia chini karibu na usawa wa bahari, tunamalizia mita 2000. Na kabureta nilikuwa napoteza gari juu, linakuwa zito, moshi mweusi. Nikiseti kwa ajili ya juu, chini linakuwa kavu na pistoni zinagonga. Nikapiga hesabu ni kwa nini.

Mita 2000 juu, hewa ina uzito kama asilimia 82 ya ule wa chini. Koo la kabureta linaona ujazo uleule unapita, lakini mafuta hayapungui kwa kiwango sawa na hewa, yanapungua kwa kipeuo cha pili chake. Kipeuo cha pili cha 0.82 ni kama 0.91. Yaani hewa imeshuka asilimia 18, mafuta yameshuka 9 tu. Mchanganyiko unakuwa mzito kwa asilimia 10 hivi. Ulianza chini na 12.8, juu uko 11.6 bila kugusa kitu.

Nilihamia injekta yenye sensa ya shinikizo la manifodi na nyingine ya joto la hewa. Sasa inajipunguza yenyewe ninavyopanda. Kwangu mjadala uliishia hapo, sikuhitaji hata farasi mmoja wa nyongeza.

Kipepeo

Dada, hiyo hesabu inastahili uzi wake. Na kuna ndugu yake: kona. Ukiingia kona kali, petroli kwenye chemba ya floti inapanda ukuta mmoja, jeti inabaki inavuta hewa. Kwenye vita vya pili vya dunia ndege za Spitfire zenye injini ya Merlin na kabureta zilikuwa zinakata moto rubani akiinamisha pua ghafla, wakati Bf 109 za Ujerumani zenye injekta zilipiga mbizi bila kujikwaa. Mwaka 1941 mhandisi Beatrice Shilling, mwanamama aliyekuwa pia anashindana na pikipiki, alipunguza tatizo kwa kipande kidogo cha chuma chenye tundu, kilichozuia mafuta yasifurike. Kabureta nzima ya ndege ya kivita ikaokolewa na kitu kama washa!

Injekta nayo haijanusurika kwenye kona, tusidanganyane. Tatizo linahamia kwenye tangi. Pampu ikivuta hewa nusu sekunde tu, shinikizo la bar 3 linaanguka na silinda zinakauka katikati ya nguvu. Ndiyo maana watu wanaweka kitangi kidogo cha akiba kati ya tangi kuu na pampu.

Sumaku

Niongeze kitu ambacho kimewaliza wengi: kamshafti (shafti inayofungua valvu) kali na hizi injekta za "kujifundisha zenyewe".

Kamshafti ya mbio inaacha valvu za kuingiza na za kutoa wazi kwa pamoja kwa muda mrefu. Kwenye sailensi, moshi unarudi nyuma, mchanganyiko unachafuka, baadhi ya mapigo hayawaki. Pigo lisipowaka, oksijeni yake yote inatoka nzima kwenye ekzosi. Kipimo cha lambda hakioni petroli, kinaona oksijeni. Kinapiga kelele: "Kavu! Kavu!" Kompyuta inaongeza mafuta. Plagi zinazidi kulowa, mapigo mengi zaidi yanakosa moto, oksijeni inazidi kutoka, kompyuta inaongeza tena. Nimeletewa gari linasoma 16 kwenye kioo huku macho yanatuwasha kwa petroli mbichi. Mwenyewe anabishana na pua yake.

Dawa: kwenye sailensi zima hicho kipengele cha kujirekebisha, seti kwa mkono, sikiliza injini. Na kama una vipepeo vinne, kimoja kwa kila silinda, na kamshafti hiyo, usitegemee shinikizo la manifodi huko chini maana linacheza kama bendera. Mwambie kompyuta asome pembe ya kipepeo na mizunguko, shinikizo libaki kwa ajili ya mwinuko tu.

MzeeWaPlagi

"Zima, seti kwa mkono, sikiliza injini." Karibu nyumbani mwanangu.

Mgeni_wa_V8

Wakuu samahani kuingilia. Nina V8 ya lita 5.7, naizungusha hadi 6000. Nimepewa kabureta ya futi za ujazo 850 kwa dakika, aliyenipa anasema kubwa ndiyo inapumua. Inajikwaa nikikanyaga na inanuka. Nifikirie kuhamia injekta moja kwa moja? Wameniambia ile aina inayokaa pale pale pa kabureta ni saa chache tu.

Kipepeo

Piga hesabu kwanza, mkuu. Injini inavuta ujazo wake mara moja kila mizunguko miwili. Lita 5.7 mara 6000 gawa kwa 2 ni lita 17,100 kwa dakika, sawa na futi za ujazo 604. Hiyo ni kama silinda zinajaa kabisa, na injini ya kawaida iliyoandaliwa vizuri haijazi hivyo, weka asilimia 85 hadi 90. Unabaki na 510 hadi 545. Kabureta ya 600 au 650 inakutosha na chenji inabaki. Ya 850 hewa inapita kwa uvivu, mvuto ni hafifu, mafuta yanachelewa.

Kuhusu ile injekta ya kukaa pale pa kabureta: itakupa asubuhi nzuri na itafuata mwinuko. Lakini bado inarashia juu ya manifodi inayolowa petroli, yaani petroli inatembea kwenye kuta na kona zilezile kama ya kabureta. Silinda zilizokuwa na njaa zitabaki na njaa. Kama unataka kila silinda ipate haki yake, nozeli nane, moja kwa kila mlango.

Saizi ya nozeli nayo ina hesabu, usinunue kwa sifa. Kwa petroli bila turbo, kadiria nusu paundi ya mafuta kwa saa kwa kila farasi. Farasi 200 ni paundi 100. Gawa kwa nozeli nne, kisha gawa kwa 0.8 ili zisibaki wazi muda wote: paundi 31, kama cc 330 kwa dakika. Kubwa mno zinashindwa kurasha kidogo kidogo kwenye sailensi. Ugonjwa wa viatu vya mtoto uko huku pia.

Ila kabla ya yote hayo, funga kipimo cha lambda, ile aina pana. Mchanganyiko ukoje sasa hivi hatujui, hata wewe hujui. Kitatumika upande wowote utakaochagua.

Turbo_Tu

Na turbo je? Mbona hamgusi?

Sumaku

Injekta. Inawezekana kupuliza kupitia kabureta, watu walifanya, lakini chemba ya floti lazima ipate shinikizo lilelile la turbo, shinikizo la mafuta lipande nalo sambamba, na floti yenyewe isibonyee. Injini ya turbo ikikauka sekunde moja unachukua pistoni kwa ufagio. Sioni sababu ya kujitesa.

Dada_Spana

Na alkoholi iongezeni. Methanoli inataka kilo 6.4 tu za hewa kwa kilo moja ya mafuta, na ina joto la kunyonya mara tatu ya petroli. Manifodi inaota barafu nje mchana wa jua. Huko kabureta na injekta za kimakanika bado zinaheshimika, ila jeti za petroli ziwekeni kando, eneo la tundu linabidi liwe zaidi ya mara mbili.

Mgeni_wa_V8

Wakuu nimerudi. Nimefunga kipimo. Nikikanyaga hadi mwisho, 10.9. Nikitembea taratibu, 11.2. Nikikanyaga ghafla kinaruka hadi 16 halafu kinarudi. Nimeagiza jeti ndogo namba nne chini.

MzeeWaPlagi

Usiguse jeti, kijana. Nzito kila mahali, hata kwenye mwendo wa taratibu? Jeti kuu haiwezi kufanya hivyo peke yake. Gari likiwa limepoa na liko tambarare, washa, fungua kile kiskrubu cha ubavuni kwenye chemba ya floti. Shika kitambaa. Mafuta yanatakiwa yawe yanalamba tu ukingo wa chini wa tundu.

Mgeni_wa_V8

Mzee, hayajalamba. Yamemwagika mpaka kwenye manifodi, nimezima haraka.

MzeeWaPlagi

Pampu uliyofunga ni ya nini?

Mgeni_wa_V8

Ya injekta. Niliinunua mapema nikijua nitahamia. Ina regyuleta lakini, geji ya shinikizo inasoma 11.

MzeeWaPlagi

Paundi 11 kwa inchi ya mraba! Sindano ya floti inasukumwa wazi, haiwezi kufunga. Shusha hadi 6, kama regyuleta haishuki hadi hapo badilisha. Kisha upime usawa upya, kisha ndipo usome lambda. Ile 16 ya kukanyaga ghafla ni pampu ya kurashia, tutaigusa mwisho.

Mgeni_wa_V8

Imeshuka hadi 6. Mafuta yanalamba ukingo. Mwendo wa taratibu 13.9, kukanyaga mwisho 12.3. Jeti nilizoagiza zipo njiani, kuna anayezitaka?